Dirisha Lililofungwa Siku ya Maua

Haya yalimkuta shangazi yangu Baptistine, nami nayasimulia kama alivyoyasimulia mwenyewe akimenya njegere, bila chozi. Alikuwa mtandika vitanda katika hoteli moja ya ufukweni hapa mjini Nice, kusini mwa Ufaransa, zama zile matajiri wa nchi za baridi walipokuja kwetu kila kipupwe kutibu vifua. Kutibu ndivyo walivyosema. Wengi walikuja kufa penye jua.

Siku hiyo ilikuwa ya mapambano ya maua. Magari ya farasi yalipita chini yamesheheni mimosa, watu wakirushiana maua na kucheka. Ghorofani, binti mmoja wa Kirusi, Lizaveta, akakata roho mikononi mwa shangazi.

Kwetu mtu akifa, hata kabla ya kumfumba macho, unafungua dirisha ili roho ipate njia. Shangazi alipogusa komeo, meneja akamshika mkono. Wageni waliojaa barazani wasije wakajua kuna maiti.

"Acha msafara upite kwanza."

"Bwana, roho haingoji."

"Hapa hotelini kila mtu hungoja."

Shangazi alikuwa mjane mwenye mtoto wa kulisha. Akaogopa kibarua kuota nyasi, akaliachia komeo. Jioni walipofungua, upepo wa bahari ulikuwa mkali, ila pazia halikutikisika.

Alipofika nyumbani, mwanawe Mélanie alimfungulia mlango, akachungulia nyuma yake.

"Mama, huyo dada ni nani?"

"Dada yupi?"

"Aliyekushika gauni."

Tangu siku hiyo Mélanie akaanza kukohoa. Kikohozi kizito, cha mtu mzima. Shangazi akaacha madirisha yote wazi, baridi ikawatafuna, haikusaidia kitu. Padri alikuja, akamwombea, akaenda zake. Bibi Zoé, mganga wa mtaani wa kutegua vijicho, alidondosha mafuta kwenye sahani ya maji, akayatazama, akakataa kupokea malipo yoyote. Alisema roho iliyonyimwa njia hutafuta kifua cha kukaa.

Mchana mmoja mtoto alikuwa amelala. Shangazi akapiga magoti kando ya kitanda. Hakuomba Mungu. Alimwomba Lizaveta.

"Dada, mwache. Njoo kwangu. Mimi ndiye niliyeliachia komeo."

Kisha midomo ya Mélanie ikafunguka. Macho hayakufunguka. Sauti haikuwa yake.

"Huku kuna joto."

Basi. Lizaveta hakusema tena, wala hakutoka. Mélanie tulimzika baada ya Pasaka, akiwa mwepesi kama kapu tupu. Meneja alituma shada la maua, na shangazi akalitupa jalalani mbele ya watu.

Siku ya kumzika, walipomwinua mtoto kitandani, mto ulikuwa na mabonde mawili ya vichwa, ubavu kwa ubavu. Mto huo ninao mimi sasa. Nimeupigapiga, nimeufua, nimeuanika juani, na asubuhi mabonde yamerudi. La Mélanie ni la baridi. Hilo jingine, ukiweka kiganja, lina joto mpaka leo.