Mbithe na Pedali za Kunasa

Kila jioni, akishamaliza kazi ya shule, Mbithe alivaa viatu vyake vya baiskeli akaenda uwanjani, kule Muthangari. Mama aliamini anafanya mazoezi. Mazoezi gani! Aliegemeza baiskeli ukutani, akaketi nyasini mpaka giza lilipokaribia, kisha akarudi nyumbani.

Hakuwa mvivu. Tangu aanguke mbele ya maduka ya Hurlingham, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hakuogopa, hakuona aibu, hakukasirika. Aliulizwa habari akajibu "poa", basi.

Siku aliyoanguka, baiskeli ilikuwa na pedali mpya za kunasa. Chini ya kila kiatu kulikuwa na kipande cha chuma kilichoingia kwenye pedali, ta! kikashikamana nayo. Taa za barabarani zilipowaka nyekundu, Mbithe aliuvuta mguu kwa nyuma. Wapi! Kiatu hakikutoka. Alianguka pu! huku miguu bado imenasa, watu wakimtazama.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na kesho yake kulikuwa na mbio za wasichana wawili wawili. Mwenzake alikuwa Jyoti. Mmoja akikosa kushiriki, mwingine pia haruhusiwi kushindana.

"Umesema umefanya mazoezi wiki nzima," alisema Kocha Rajinder, mzee wa kilemba cha buluu aliyefundisha klabu yao. "Haya, endesha mpaka pale kwa Jyoti, usimame."

Mbithe alimtazama Jyoti, aliyekuwa akitabasamu. Angeweza kusema tumbo linamuuma. Badala yake maneno yalimtoka makavu.

"Sijafanya mazoezi, Kocha. Hata siku moja. Nilikudanganya."

"Wewe!" Jyoti alipaza sauti. "Mimi naamka alfajiri kila siku, kumbe wewe unakaa tu? Na kesho nitashindana na nani?" Machozi yalimlengalenga.

"Pole," alisema Mbithe. Hata hapo hakuhisi chochote.

Kocha hakufoka. Alimpandisha Mbithe kwenye baiskeli, akashika kiti. "Ingiza mguu. Haya, sasa utoe."

Mbithe akavuta nyuma.

"Ala! Nani alikufundisha kuvuta?"

"Baba. Pedali zake zina mikanda ya ngozi."

"Kwa mikanda, baba yako hakukosea. Hizi hazivutwi. Peleka kisigino nje, hivi."

Alijaribu, kiatu kikaachia. Akarudia tena na tena, kulia na kushoto, mpaka Kocha akaachilia kiti. Alipokuwa peke yake akasahau, akavuta, akaanguka nyasini. Kiwiko kikachubuka. Kiliuma! Mbithe akaangua kilio, kilio ambacho hakuwa amelia tangu siku ya Hurlingham. Jyoti alikuja mbio akamwinua.

"Kisigino nje, bwana!" alimwambia. "Panda tena."

Akapanda. Safari hii alipunguza mwendo, akatoa mguu mapema, akasimama wima.

"Kesho mtashindana," alisema Kocha. "Lakini nisikilize, Mbithe. Kuanguka ni kawaida, hata mimi nimeanguka sana. Kosa lako nimeliona mara moja, nawe ulinificha wiki nzima. Ukimdanganya anayekufundisha, unabaki peke yako na shida yako, na mwenzako anaumia bila kosa."

"Ndiyo, Kocha." Mbithe alimgeukia Jyoti, sauti ikimtetemeka. "Nisamehe, Jyoti."

"Nitakusamehe tukimaliza mbio," alisema Jyoti, akaanza kumfuta damu kiwikoni.