Perege wa Nishat

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Nishat, binti wa muuza vitambaa wa Bondeni, alipitia soko la Marikiti pamoja na rafiki yake Kadzo. Wachuuzi walikuwa ndio kwanza wanapanga bidhaa, na mahamali walipita na mikokoteni wakiomba njia. Wasichana hao walikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Mama Wanza, muuza mboga, wakamwamkia na kupokea kapu alilowawekea. Ndani yake mlikuwa na majani ya kabichi yaliyonyauka, maembe yaliyopondeka na maganda ya mapapai.

Mabaki hayo hayakuwa ya kutupwa. Nyuma ya madarasa ya shule yao palikuwa na matangi mawili ya mradi wa samaki, na mapipa ya kufugia mabuu wa nzi weusi. Mabuu waliyala mabaki wakanenepa, kisha wakakaushwa na kusagwa pamoja na pumba za mahindi, wakawa chakula cha samaki. Perege wa tangi moja walilishwa chakula hicho. Wa tangi la pili walilishwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa dagaa. Bi. Beryl, mtafiti wa afya na lishe ya samaki, alikuwa amewaeleza wanafunzi kwamba dagaa wengi huishia kulisha samaki wa kufugwa, ilhali watu nao wanawahitaji. Alitaka kujua kama mabuu wangeweza kuchukua nafasi yao. Kadzo alipewa tangi la dagaa, Nishat akapewa la mabuu.

Shida ilianza Nishat alipoona perege wa Kadzo wamenenepa kuliko wake. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mashindano, lakini moyoni mwake yalikwisha kuwa mashindano. Bi. Beryl alikuwa amesisitiza kwamba samaki wapewe tu kile watakachokimaliza mara moja, asubuhi na jioni. Nishat akaanza kuchopoka wakati wa mapumziko na kuwarushia konzi nyingine ya chakula. Samaki walipoikimbilia, alifurahi. Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, aliwamwagia zaidi, akijiambia kwamba mlinzi wa shule angewalisha kidogo mno mwisho wa juma.

Jumatatu maji yalikuwa mazito, yana rangi ya chai ya maziwa, tena yananuka. Samaki kadhaa walielea wamekufa. Waliosalia walikuwa juu ya maji, wakifungua na kufunga midomo kwa kutafuta hewa. Tangi la Kadzo lilikuwa safi.

Mwalimu Joab, msimamizi wa mradi, alimpigia simu Bi. Beryl, naye akafika upesi. Alitia pampu nyingine ya hewa, akachota maji akayapima. Mwalimu Joab alisema kwamba anazishuku mboga za sokoni. Huenda zilikuwa na dawa ya kuulia wadudu, nayo ikapita kwa mabuu hadi kwa samaki. Bi. Beryl alijibu kwamba hilo lawezekana, ila dalili hazikumridhisha. Akawauliza wanafunzi kama kuna aliyezidisha chakula. Nishat aliinama akatazama viatu vyake.

Basi Mwalimu Joab akaamua kwamba mapipa yamwagwe, na mboga za Mama Wanza zisipokewe tena. Saa ya chakula cha mchana akawatuma wasichana wamrudishie kapu lake.

Kadzo ndiye aliyeeleza, kwa sauti ya chini. Mama Wanza aliacha kukata sukuma wiki. Alisema kwamba mboga hizo huzichambua kwa mkono wake, kutoka fungu lile lile analowapikia watoto wake. Mteja aliyekuwa akichagua nyanya alizirudisha mezani taratibu, akaondoka.

"Mwanangu," Mama Wanza alimwambia Nishat, "kweli mboga zangu ndizo zilizowaua?"

Nishat angeweza kunyamaza tena, na hakuna ambaye angejua. Lakini yule mama alikuwa akimtazama, akingoja.

"La, Mama Wanza. Ni mimi. Niliwalisha kupita kiasi."

Aliyarudia maneno hayo shuleni, mbele ya Mwalimu Joab na Bi. Beryl. Mwalimu alikasirika, wala hakuficha. Hata hivyo alikumbuka kwamba naye alimhukumu mtu kabla ya kuchunguza, na jioni hiyo alikwenda Marikiti mwenyewe kumtaka radhi Mama Wanza. Mapipa hayakumwagwa. Bi. Beryl alimwonyesha Nishat jinsi ya kunyonya uchafu chini ya tangi kwa mpira na kubadilisha maji kidogo kidogo. Maji machafu waliyamwaga katika bustani ya shule. Samaki waliosalia wakapata nafuu, wengine wakaongezwa, na jaribio likaanza upya.

Muhula ulipokaribia kwisha, shule nzima ilikusanyika kushuhudia samaki wakipimwa uzito. Nishat alisoma mizani mwenyewe.

"Wangu ni wepesi kidogo kuliko wa Kadzo," alisema, kwa sauti iliyosikiwa na wote.

"Jibu hilo naweza kulifanyia kazi," alisema Bi. Beryl. "Sasa nitatafuta kinachopungua katika chakula cha mabuu. Jibu la uongo ningelipeleka kwa wafugaji, nao wangepata hasara kwa kuniamini." Kisha akamgeukia Nishat. "Chakula kingi si afya, kwa samaki wala kwa mtu. Kinachobaki huoza na kumaliza hewa majini. Na kosa likifichwa, mara nyingi anayeumia si aliyelitenda. Ulichelewa kusema, lakini ulisema, na ndiyo maana mradi huu bado upo."

Nishat aliitikia kwa kichwa. Wenzake walipotawanyika, aliwapimia perege wake chakula cha jioni, akasimama palepale hadi chembe ya mwisho ilipoliwa.