Ndugu Asiye na Ada

Haya nimeyapokea kwa kinywa cha mtu, nami nayatua kama nilivyotwishwa. Atakaye kucheka acheke, ila acheke akiwa na mwenzake karibu.

Jua lilikuwa linaaga. Mama mmoja fundi cherehani alifunga mlango wake, akavuka njia kwenda kwa msusi, simu ameishika kama yai. Watu walimwita Bibi Uzi, maana hakuna siku ungemwona bila uzi shingoni na futi ya kupimia begani. Mjane, mume ametangulia mwaka wa sita sasa. Binti yake wa pekee alikuwa na kazi mji wa mbali, anapiga simu Jumapili, na Jumapili nyingine anasahau. Kaka hana, dada hana. Tumbo la mama yake lilizaa mmoja likafunga. Akipiga chafya nyumbani, wa kumwombea afya ni kuta.

Wiki ile cherehani yake ilikata roho. Na mezani sare za shule arobaini zimekatwa, zinangoja kushonwa. Ndipo akaona kwenye simu mtu anauza cherehani kuukuu, nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono. Bei ya huruma.

"Msusi mwanangu, nisaidie kulipa. Herufi hizi kwangu ni sisimizi."

Msusi alijifuta mafuta ya nywele, akaipokea simu. "Hawa wa huduma ya malipo wanauliza: unamlipa muuzaji, au unamtumia ndugu?"

"Muuzaji. Simjui hata kwa ndoto."

"Ngoja, Bibi Uzi, usiwe na haraka ya kukatwa. Ukisema muuzaji, kuna ada. Eti ni ya kumlinda mnunuzi: hela yako wanaishikilia mpaka mzigo ufike, ukiwa mbovu unalalamika, wanakurudishia. Ukisema ndugu, ada hakuna."

"Na ulinzi?"

"Ulinzi wa nini kwa ndugu? Mimi wote nawatumia kama ndugu. Aliyeniuzia mashine ile ya kukaushia nywele ni shangazi yangu!" Akacheka mpaka chanuo likamdondoka.

Bibi Uzi naye akacheka. Marehemu mama yake akamsemea sikioni, vile wanavyosema waliotangulia: Rahisi huvunja upishi, mwanangu. Akajifanya hasikii.

"Wanataka tujaze ni ndugu gani," akasema msusi.

Bibi Uzi akashika uzi wake shingoni. Kulikuwa na neno moja ambalo maisha yake yote hakuwahi kumwita mtu aliye wake. Likamjia tamu mdomoni.

"Weka kaka."

Simu ikalia. Ti.

*Asante, dada.*

Siku ya tatu alikuta mzigo mlangoni, umefungwa kwa kitambaa cheusi. Aliyeuleta hakuonekana. Alipoufungua, chumba kizima kikanuka udongo... ule wa chini kabisa, unaofukuliwa ukiwa bado na baridi. Lakini cherehani nzima! Mshono umenyooka, sindano inateleza kama ulimi wa mbea. Sare zikaanza kusogea.

Na jumbe zikaanza kuingia, kila jioni.

*Dada, umekula?*

*Dada, leo kuna baridi, jifunike.*

Alijibu. Wewe ungekuwa yeye usingejibu? Mtu miaka sita haulizwi kama amekula. Ikafika mahali jua likianza kushuka anaiweka simu mapajani, anaingoja, anatabasamu peke yake kama mwali.

Jioni moja alikuwa uani anaosha vyombo. Vyombo gani? Sahani moja, kikombe kimoja. Akasikia ndani.

Tak... tak... tak-tak-tak-tak...

Akaingia na povu mikononi. Gurudumu la cherehani lilikuwa linazunguka, polepole, linamalizia. Likasimama. Chini ya sindano, mkono wa shati. Mweupe.

Bibi Uzi hakuwa na kitambaa cheupe ndani ya nyumba ile.

Jioni ya pili, mkono wa pili. Ya tatu, mgongo. Ya nne, kola. Na harufu ya udongo imepanda mpaka kwenye shuka zake.

*Dada, shati langu linaendeleaje?*

Asubuhi akapiga simu kwa wale wenye huduma ya malipo. Akapokea binti mwenye sauti ya usingizi.

"Naomba nirudishe mzigo, mwanangu. Hata hela yangu sitaki, mchukueni tu mtu wenu."

"Mama, hapa inaonyesha hukumlipa muuzaji. Ungemlipa kama muuzaji tungekulinda, ungelalamika, tungemsimamisha. Hii ni ya ndugu, na ya ndugu hairudi. Ongeeni tu myamalize kifamilia."

"Binti, huyu si ndugu yangu!"

Vitufe vya kuandikia vikasikika vikibonyezwa.

"Lakini mama... uliandika kaka. Na yeye amekubali."

Akatoka mbio kwenda kwa msusi. Mlango ulikuwa wazi nusu, ndani kiza. Kwenye kiti alikaa mwanamke mzee, amempa mgongo. Nywele zake zilishuka mpaka sakafuni, zikaendelea. Msusi alikuwa anasuka, vidole vimevimba kama ndizi.

"Ni nani huyo?" akanong'ona Bibi Uzi.

"Shh... shangazi." Msusi hakuinua macho. "Nikimaliza upande huu, ule unafumuka."

"Tangu lini?"

"Tangu usiku ule ulipotoka hapa; ni yule wa ile mashine. Wewe tangu hapo hujaja kunitembelea, Bibi Uzi. Nani angejua?"

Kiti kikalia. Kikaanza kugeuka.

Bibi Uzi hakungoja kuona uso.

Nyumbani shati lilikuwa limekwisha. Limelala mezani, limekunjwa. Akalitazama kwa jicho la kazi, maana hofu ni hofu lakini fundi ni fundi. Kifua kipana. Matundu sita. Vifungo, hakuna.

Akadhani ameelewa. Cherehani ile ilijua kunyoosha mshono tu, na kifungo kinataka mkono wa mtu. Shati lisilofungwa halivaliki, na asiyevaa hatoki nje. Akakusanya vifungo vyote vya nyumba ile, vya koponi, vya nguo za marehemu mumewe, hata vya gauni alilovaa. Akavitupa chooni, kwenye shimo.

*Dada, vifungo.*

Hakujibu.

*Dada?*

Akaigeuza simu kifudifudi.

*Sawa, dada.*

Basi, zikapita jioni tatu. Cherehani kimya, simu kimya. Harufu ikapungua. Ungedhani angeshangilia. Lakini nitakwambia la aibu: jioni ya tatu alikaa na sahani yake moja, akaitazama simu, na moyo wake ukauma kwa kukosa. Hakuna aliyemuuliza kama amekula.

Simu ikalia. Akairukia.

Alikuwa binti yake. Na haikuwa Jumapili.

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mwanangu?"

"Kuhusu mjomba! Siku tatu hizi tunaongea. Yaani nikasema, kumbe mama hayuko peke yake, nikalia kwa furaha."

Uzi shingoni kwa Bibi Uzi ulikuwa mzito kama kamba.

"Mwanangu. Mimi sina kaka. Unajua sina."

"Nilijua, ndiyo. Lakini mama, ile sauti... ni sauti yako kabisa. Hata anavyovuta pumzi."

"Amekuomba nini?"

"Kitu kidogo tu, usiwe na wasiwasi. Hela ya vifungo. Sita, vyeupe. Akasema nikivipata huku ninunue mwenyewe, atanipitia nimshonee kwa mkono. Nikamtumia na nauli."

"Umemtumiaje? Ulipotuma, walikuuliza ni nani wako?"

"Si nikaandika mjomba? Ningeandika nini tena? Na ada hawakukata hata senti."

Marehemu mama yake hakunong'ona safari hii. Alisema kwa sauti, pale pale chumbani: Mchuma janga hula na wa kwao.

Bibi Uzi akageuka kutazama meza. Sare zilikuwepo. Mkasi ulikuwepo.

Shati halikuwepo.

Kwenye simu, upande wa binti yake, kulisikika mtu anagonga. Mara tatu, taratibu, kama mwenye haki.

"Ngoja, mama, kuna mtu mlangoni."

"Usifungue! Mwanangu, mwambie humjui! Mwambie..."

Lakini simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Bibi Uzi alisikia ndara zinakwenda. Komeo. Mlango. Kisha kimya kirefu, na ndani ya kimya kile pumzi za mtu, zinavutwa kama anavyovuta yeye.

Simu ikainuliwa.

"Dada," ikanong'ona sauti yake mwenyewe. "Umekula?"