HAYANA KOLESTEROLI!

PAAA!

Kofi la dada yangu Griet lilinikuta kwenye korido ya hospitali, mbele ya manesi wawili.

"Soma!" Akanisukumia chupa ya mafuta kifuani. "Soma kwa sauti, shetani wewe!"

Sikuwa na haja ya kusoma. Ile lebo naijua kwa kichwa... niliiandika mimi.

Jamani, msinitukane kwanza.

Naitwa Veerle, wa hapahapa mjini Aalst. Nafanya kazi kiwanda cha kufungasha mafuta ya kupikia. Maneno ya kwenye chupa ndiyo kazi yangu.

Mwaka juzi bosi wangu, Lieven, aliniita. Mafuta mapya: mawese asilimia themanini na tano, alizeti kumi na tano.

"Mbele weka ua kubwa la alizeti na moyo mwekundu. Andika HAYANA KOLESTEROLI."

"Bosi, mbona mafuta yote ya mimea hayana?"

"Sasa tumedanganya wapi?" Akacheka. "Hayo mengine weka nyuma, herufi za sisimizi."

Nikaweka. Nikapandishwa cheo!

Mwaka jana baba yetu, mzee Firmin, alizibuliwa mishipa ya moyo. Daktari akamchana laivu: siagi, mafuta ya ng'ombe na mawese, marufuku. Apikie alizeti, kanola au mzeituni, tena kidogo.

Na baba bila viazi vya kukaanga si baba! Akaenda dukani, akaona ua, akaona moyo. Akajaza kabati.

"Mwanangu ndiye kaandika haya," akawa anawatambia majirani.

Jumanne iliyopita akaanguka jikoni. Moyo.

"Si mafuta peke yake," daktari alituambia. "Lakini mwaka mzima amekula kilekile nilichomkataza."

Ndipo Griet alipoigeuza ile chupa.

Sasa pale korido nikalia. "Dada, mimi naandika tu! Ningejuaje kama baba anayatumia?"

Griet akanitazama weee... akaniamini. Akanishika mkono, tukaingia wodini.

Baba alikuwa na mipira ya kupumulia puani.

"Pole, baba. Sikujua..."

"Pasaka," akasema.

"Unasemaje, baba?"

"Pasaka ulikuja kwangu. Ukaishika chupa hiyo. Nikakuuliza, Veerle, haya yananifaa?"

"Baba, tafadhali..."

"Ukasema, yanakufaa, baba. Kaanga."

Griet aliuachia mkono wangu.

Ni kweli. Nilisema. Siku ile alikuwa amenisifia mbele ya wageni, amefurahi kama mtoto. Nikaona aibu kumwambia. Aibu tu, wapendwa!

"Griet," baba akasema, macho ukutani. "Mwambie huyo mgeni saa za kuona wagonjwa zimekwisha."

Ilikuwa saa nane mchana. Pale wageni wanaruhusiwa mpaka saa mbili usiku.

Nilitoka.

Wewe unayenisoma, nitukane ukimaliza, lakini hili lishike. Lile ua na ule moyo wa mbele vimewekwa na mtu kama mimi, analipwa. Geuza chupa. Kwenye orodha ya nyuma, kilichotajwa kwanza ndicho kilichojaa humo ndani.

Soma mwenyewe. Usimuulize aliyeandika... hata kama umemzaa.