Cheti Ukutani, Panya Pipani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kutunza wazee, Jokha alishuka ngazi na ndoo ya mabaki ya jikoni. Aliyamwaga katika pipa la mboji, nyuma ya jengo lao la ghorofa, mtaa wa Thamesmead. Mboji hiyo ilirutubisha bustani ya wakaazi. Mchicha wa Jokha ulitoka humo.

Siku moja alikuta barua ya manispaa imebandikwa pipani. Panya wamezidi. Wasipotoweka mwezi huu, mapipa na bustani vitaondolewa.

"Kina mama mnatupa ovyo," alisema Mansour, mumewe, mwenyekiti wa kamati ya bustani.

"Ovyo vipi, Baba Nusra? Ulituambia mabaki ya chakula. Basi."

Alasiri alikuja Generosa, mfanyakazi wa mradi wa mboji. Alifunua pipa, akachokoa kwa kijiti. Akaona wali na miba ya samaki.

"Shemeji, mafunzo ya mboji walihudhuria nani?" alimuuliza Mansour.

"Kamati. Wanaume tisa, msikitini, baada ya Isha. Cheti changu kipo ukutani."

"Na ndoo hushusha nani?"

Mansour alikohoa.

"Huyu ndoo hata rangi yake haijui," alisema Jokha.

"Basi tuliwafundisha wasiotupa," alisema Generosa. "Kosa ni letu pia. Hatukuuliza kazi hii hufanywa na nani, wala ana nafasi saa ngapi."

Akaeleza polepole. Maganda ya mboga, majani ya chai na karatasi kavu huoza vizuri. Chakula kilichopikwa, nyama na samaki huita panya. Hivyo viende kwenye pipa la manispaa.

Mafunzo yakarudiwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Kina baba walibaki na watoto. Wanawake kumi na wanne walikuja, na watatu wakaingia kwenye kamati, Jokha akiwemo. Siku hiyo hiyo alitoa hoja: ndoo zishushwe kwa zamu.

"Hiyo kazi ya jikoni," alinung'unika Mansour.

"Na mchicha wa humo huuli?" aliuliza Jokha. Hoja ikapita.

Wiki ya zamu yake, Mansour alikuwa anashuka na ndoo. Jokha akamsimamisha, akachomoa mwiba wa samaki ndooni.

"Mwenyekiti, cheti kinasemaje?"

Mansour aliutazama ule mwiba. Akageuka, akapanda ngazi tena na ndoo yake.

Mwezi ulipokwisha, mkaguzi wa manispaa alikuta pipani udongo mweusi, hakuna panya. Barua ikabanduliwa. Usiku huo walikula mchicha kwa samaki. Mansour alikusanya sahani na maganda ya jikoni, akatenganisha mwenyewe: miba huku, maganda kule.