Mtoto Mmoja, Faili Mbili

Mwanasha alikuwa akimenya mihogo ya kuuza alipomwona binti yake akichechemea. Msumari ulikuwa umemchoma juzi, na sasa mguu ulikuwa umevimba.

Mtoto huyu ana majina mawili, kama watoto wengi wa huku. Upande wa baba humwita Nusra, jina lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Bibi yake mzaa mama, Bi Ummi, humwita Muhsina, na ukimwambia aache, mtakesha mkibishana.

Hospitalini Msambweni, karani aliandika Nusra kwenye kompyuta. Hakuona habari zozote za zamani. Daktari akaagiza sindano ya penisilini. Kabla ya kumdunga, muuguzi Twaiba aliuliza kama mtoto amewahi kudhuriwa na dawa. Mwanasha akasema hapana. Alisema kweli, kadiri alivyojua.

Twaiba hakuridhika. "Dada, ana miaka saba. Hajawahi kutibiwa popote?"

"Mwaka jana mama yangu alimpeleka zahanati. Mimi nilikuwa nimekwenda Taru kununua mbuzi."

"Huko alimwandikisha jina gani?"

"Muhsina," akasema.

Kwenye kompyuta, iliyounganishwa na ya zahanati, Twaiba akatafuta jina hilo pamoja na nambari ya simu ya Bi Ummi. Faili ikatokea. Mwaka jana, baada ya sindano ya penisilini, mtoto alivimba uso akashindwa kupumua. Iliandikwa asipewe tena.

Mwanasha akamkumbatia mwanawe, akalia. Tena alimkasirikia mama yake, ambaye alipopigiwa simu alikiri kuwa alificha jambo hilo eti asimtie wasiwasi.

Twaiba alimtuliza. "Nyumbani mwiteni mpendavyo. Hospitalini tajeni jina la cheti cha kuzaliwa, kila mara. Kompyuta haimjui mtoto kwa sura. Na dawa iliyomdhuru itajeni wenyewe pia, msiiachie kompyuta peke yake."

Faili mbili zikaunganishwa. Daktari akabadilisha dawa, na baada ya wiki moja mtoto alikuwa akiruka kamba.

Mwezi uliofuata mtoto alipata homa, mama yake akiwa safarini. Bi Ummi alimpeleka hospitali na cheti mkononi.

"Shikamoo, bibi. Mgonjwa anaitwa nani?" karani akauliza.

"Marahaba. Anaitwa Nusra." Lilimtoka kwa shida, lakini lilitoka. "Na penisilini itamuua. Andika."

Karani akamwonyesha kwamba imeshaandikwa.

"Najua," akasema Bi Ummi. "Mara ya kwanza nilinyamaza. Leo nasema."