Wiki ya Thelathini na Saba

Kila asubuhi kabla ya shule, Nyakio alikamua ng'ombe mmoja, mama yake akamkamua wa pili. Jumatano hiyo Nyakio aliwakamua wote wawili. Mama alikuwa ameketi juu ya debe, miguu imemvimba hata viatu vya mpira havimwingii.

"Kichwa kinapasuka, na macho yanaona nyota," mama alinong'ona. "Usimwambie baba yako. Leo tunamaliza kuvuna viazi."

Ijumaa iliyopita, Nyakio ndiye aliyewasomea wakubwa kitabu cha kliniki jikoni. Kilisema presha ya mama imepanda, naye aende hospitali kubwa Nakuru siku ya Jumatatu kuanzishiwa uchungu. Muuguzi Edinah alikuwa amemweleza mama kwamba mimba imetimiza wiki thelathini na saba. Mtoto amekomaa vya kutosha. Kuendelea kungoja ni hatari kwa wote wawili.

Shosho, mama yake baba, alicheka. "Hapa Dundori hata kiazi hakichimbwi kabla ngozi haijashika! Mimba ni miezi tisa. Hao wauguzi wana haraka ya kwenda wapi?"

"Tutaenda Jumamosi ya wiki ijayo, tukishavuna," baba, mzee Mbugua, alikata shauri.

Nyakio alikumbuka kwamba mwaka jana, ugonjwa ulipoingia shambani, baba hakungoja ngozi ishike. Alichimba haraka akaokoa alichoweza. Lakini mtoto hajibizani na shosho. Jumatatu ikapita.

Sasa baba alichungulia zizini. "Nyakio, mama yako hajambo?"

Mama alimkazia macho. "Hajambo, baba," Nyakio alijibu, akaenda shule.

Kabla ya saa nne mama alianguka kati ya matuta, mwili ukitetemeka, povu likimtoka mdomoni. Jirani yao Jonah alimkimbiza Nakuru kwa pikapu. Madaktari walimpasua. Mama alipona, lakini mtoto, mvulana, hakulia hata mara moja.

Baada ya mazishi, muuguzi Edinah alikuja kuwapa pole.

"Ni Mungu amepanga," shosho alisema.

"Hapana, shosho," muuguzi alisema. "Sisi tulipanga Jumatatu. Nyinyi mkapanga Jumamosi."

Muuguzi alipoondoka, Nyakio alimfuata baba nyuma ya nyumba, akilia. "Baba, nilikudanganya. Mama alikuwa akiumwa na kichwa."

Mzee Mbugua alimfuta machozi.

"Ulikosea," alisema. "Ugonjwa haufichwi, hata mgonjwa akikuomba. Lakini wewe ulificha asubuhi moja. Mimi nilijua tangu Ijumaa, maana wewe mwenyewe ulinisomea. Mwanangu, presha haimngojei mtu avune. Daktari akitaja siku ya kuzaa, siku ni hiyo. Usije ukaambiwa vingine na mtu yeyote, hata akiwa baba yako."